Milimita Tatu

Ghala hili lilikuwa la korosho.
Mvua ikinyesha, kuta bado zinatoa harufu ya maganda,
nasi juu yake tunamwaga resini, nta, vumbi la kioo.
Mikindani yote inajua tulipo kwa pua.

Nilichora mashua ya matanga, futi ishirini na saba,
kwa mtu ambaye sijakutana naye.
Marehemu Mchopa alipounda chombo alimwita mwenyewe,
akampima hatua, akamuuliza hulalia ubavu gani,
ndipo akagusa shoka.
Mimi nina mtu wa wastani:
si mrefu, si mfupi,
hanenepi, hatapiki, si mashoto.
Nikampa kitanda. Nikampa jiko.
Nikampa choo; choo kikadai kimo,
kimo kikainua sitaha, sitaha ikaomba uzito chini,
uzito ukauvuta mkuku, na mkuku
ukagonga mwamba wa mlango wa ghuba.
Kwenye karatasi, bahati nzuri.
Nikafuta. Nikaanza tena na choo.

Miezi minane. Mstari mmoja, wa ubavu,
kutoka hanamu hadi tezi,
niliuchora hata mkono ukauota.

Kisha mfano wa mbao, tukaupiga msasa
mpaka Nantindi akayaona meno yake ndani yake.
Juu ya mfano tukatandika kalibu.
Kalibu ndiyo mali, mashua ni watoto tu:
hilo alilisema mhasibu,
naye ndiye aliyeandika *ishirini* kwenye mkataba.

Ya kwanza ilitoka kwa kishindo, kama kofi.
Ya pili, umeme ulikatika resini ikiwa nusu
(gesi ya Msimbati hiyo, inatupita ikienda zake Dar),
tukakoroga kwa mikono, tochi vichwani.
Ya tatu, Somoe Nang'olo, mpaka nta wetu,
alisimama ubavu wa kushoto, akavua glavu.
"Dada Anselma, njoo uguse."

Sikuona kitu. Nikafumba macho.
Hapo, hatua mbili kutoka omo,
chini kidogo ya mstari wa maji,
kiganja kikashuka, kikapanda,
kama mguu unaokanyaga ngazi isiyokuwepo.
Tukalaza ufito. Milimita tatu.

Mchopa akikosea, kosa lilikuwa la chombo kimoja;
lilizeeka nacho, likaoza nacho, likawa kuni.
Langu lina mkataba wa ishirini.

Mhasibu akasema, nani atajua?
Maji, nikasema. Akacheka: maji hayalipi.
Na kweli hayalipi.
Nilipiga hesabu usiku kucha, mwendo unaopotea
ni mdogo kuliko mwani wa wiki mbili.
Ningenyamaza. Naliandika hili kwa kuwa ni kweli,
ningenyamaza,
ila asubuhi nilimkuta Somoe yumo ndani ya kalibu,
ameshaviringisha msasa kwenye kibao,
anangoja tu nimwambie pa kuanzia.

Siku kumi na tisa. Hatukulipwa.
Ya nne ilitoka imenyooka,
na ya tano, na ya sita, sasa tuko ya kumi na moja,
zinafanana hata inabidi nisome namba ndipo nizijue.

Zile tatu ziliuzwa kwa punguzo, bila siri:
nilimshika kila mnunuzi mkono, nikauweka pale pale,
kila mmoja akapapasa, akasema hamna kitu.
Moja iko Kilwa Masoko.
Moja sijui.
Moja hurudi hapa, hufungwa gatini,
na mwenyewe akishaenda sokoni
mimi hushuka, navua viatu,
nazamisha mkono, ubavu wa kushoto,
hatua mbili kutoka omo.

Bado ipo.